Kijiko cha Kwanza ni cha Mama

Tulimwita Shosho akiwa bado hana hata unywele mmoja mweupe. Walioanza ni watoto wa ploti yetu pale Kitale, kwa sababu nyanya zao wa kweli walikuwa mbali na yeye alikuwa pale mlangoni na sufuria. Mimi na yeye tulikuwa karibu rika moja, na bado nilimwita Shosho. Jina alilopewa kwao ninalijua. Ninayajua ya wote waliokaa ile ploti, mlango kwa mlango: Mama Wafula, Baba Barasa, Mzee Kamau fundi wa viatu, na watoto wao wote, hata wale waliohama wakiwa hawajaota meno. Lakini lile jina lake sikulitumia hata siku moja, na nikiliandika hapa litakuwa la mtu mwingine.

Ninamwandika sasa kwa sababu mwezi uliopita Wambui, binti yake, alinipigia simu kutoka Misikhu, mahali alipoolewa. Sauti yake ilikuwa chini, kama mtu aliyegeukia ukuta.

"Mama Nekesa, mama amekataa kula."

"Amekataa nini?"

"Kila kitu. Uji, supu, hata chai. Anafunga mdomo tu. Daktari amemwangalia, anasema koo iko sawa, tumbo iko sawa, ni uzee na ile kusahau yake. Lakini amesema akiendelea hivi hatutakuwa naye." Akashusha sauti zaidi. "Si wewe ulikuwa unaona vile alikuwa anafanya watoto wanakula? Sisi tumeshindwa."

Nilikaa na ile simu mkononi hata baada ya kukatika. Yule aliyefungua midomo ya watoto wa ploti nzima, sasa wake umefungwa, na mimi naulizwa ufunguo.

Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, na kitambaa cha kichwa alikifunga chini mpaka kikagusa nyusi. Sokoni aliuza mboga na malenge, na sauti yake ulikuwa unaisikia kabla hujamwona. Mteja akibonyeza-bonyeza avokado zake aliulizwa kama amekuja kununua ama kumkanda mtu mgongo. Lakini akishaingia ploti, akanawa mikono, akaketi kwa kile kigoda chake mbele ya mtoto, sauti ilishuka mpaka ungedhani ni mwanamke mwingine. Hakutaka redio ilie mtoto akila. Hakutaka mtu asimame mlangoni. "Toka kwa mwanga," alisema bila kugeuka. "Mtoto anataka kuona anacholetewa. Hata wewe ukiletewa sahani gizani utauliza maswali."

Mtoto akifikisha miezi sita, mama yake alimpeleka kwa Shosho vile watu wanapeleka mtoto kuombewa. Ukija mapema alikurudisha. "Maziwa yako bado yanatosha. Nenda unyonyeshe, utakuja."

Wakati ule kila mtu alikuwa anabeba wimbi, mtama, soya, njugu, omena na muhogo mkavu, anapeleka kwa posho mill, vinasagwa pamoja. Halafu tumbo la mtoto linaharibika na mama analia, hajui ni kitu gani. Shosho aliwacheka.

"Umemletea mtoto mkutano," alimwambia Mama Wafula. "Watu sita wameingia nyumba mara moja, mmoja ameiba. Sasa utashika nani?"

Yeye alileta kimoja. Malenge leo, malenge kesho, malenge tena, mpaka mtoto azoee, ndio alete kingine. Na alikitambulisha kama mgeni. Alishika bakuli karibu na uso wa mtoto akasema polepole, "Nekesa, huyu anaitwa Malenge. Ametoka Kiminini asubuhi hii. Ni mtu mpole." Nduma, yale magimbi, alikuja baadaye: huyu ni mzito kidogo lakini hana ubaya. Terere, mboga ya majani kama mchicha, alikuja amepondwa na viazi, kwa sababu peke yake ana haya. Ndizi hakutambulishwa. "Huyo kila mtoto anazaliwa akimjua." Maharagwe aliyachemsha mpaka yakalegea, akayapitisha kwa chujio, maganda akawarushia kuku.

Wale watoto mimi nawakumbuka kwa majina na kwa chakula chao cha kwanza. Nekesa wangu, malenge. Simiyu wangu, viazi vitamu. Wafula, avokado, na alikuwa anafunga macho akiila. Dada yake Wafula, Nanjala, alimkataa Malenge kabisa, akamtemea Shosho kwa blauzi. Shosho alijipangusa na kona ya leso. "Sawa. Hamjapendana," alisema. "Atarudi wiki ijayo na koti lingine." Akarudi amelainishwa na maziwa kidogo ya mama, na akapokewa.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa hii: kijiko cha kwanza ni cha mama. Sio kugusa na ncha ya ulimi. Unakaa chini, unakula kijiko kizima, unameza, mtoto akikuangalia. Ukikunja uso, hicho sio chakula, rudisha jikoni. Na kila ukikoroga bakuli tena, unaonja tena, kwa sababu chini hukaa moto. Alikuwa na vijiko viwili vya kazi hiyo, cha mama kikubwa kilichopinda shingo, cha mtoto kidogo, na havikubadilishana. Chumvi hakuweka, sukari hakuweka, basi na sisi wamama tukalazimika kula hivyo hivyo.

"Shosho, hii ni kama kutafuna karatasi imeloweshwa pale kiwandani Webuye," Mama Wafula alisema.

"Basi kula karatasi. Ukizoea utasikia utamu wake. Wewe ulimi wako umeharibiwa na chumvi, wa mtoto bado mpya. Unataka muharibike wote?"

Na kweli, kuna siku nilikula malenge matupu nikasikia utamu ambao sikuwa naujua, na mimi nimezaliwa Matulo, nimekula malenge tangu nizaliwe. Mpaka leo siweki kitu.

Zamani, kabla ya hivyo vijiko, alilisha kwa mdomo. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo. Mama anatafuna nduma ama mahindi mpaka inakuwa laini kabisa, halafu anampa mtoto. Hata kwetu wapo waliofanya. Wambui alilishwa hivyo mpaka akatembea. Halafu siku moja kliniki, sista mmoja, Sista Agneta, akatueleza kwamba midomo yetu ina magonjwa tusiyoyaona, na mtoto asipewe kitu kilichotoka mdomoni mwa mtu. Wengine walinung'unika. Shosho aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Hata kama ni mama yake?"

"Hata kama ni mama yake."

Kutoka kliniki alipita dukani akanunua kile kijiko kidogo, na tangu hapo hakurudia. Lakini taya zake hazikuwa kliniki siku hiyo. Kila alipomlisha mtoto, mdomo wake ulitafuna mtupu. Mtoto akitafuna, na yeye anatafuna. Mtoto akimeza, koo lake linapanda na kushuka. Sisi tulikaa kwa ngazi tukimcheka.

"Shosho, umeshiba?"

"Nimeshiba kabisa," anasema, na taya zinaendelea.

Mama mkwe wangu, Kukhu wa watoto wangu, alikuja kututembelea Simiyu akiwa ametoka kuugua. Homa ilikuwa imeisha lakini chakula hataki. Kwetu dawa ya hiyo inajulikana. Kukhu alimlaza Simiyu kwa mapaja, kichwa chini, akakunja kiganja kama bomba mdomoni pake, akabana pua, akamimina uji. Mtoto akilia ndio anameza. Wengi wetu tulikula hivyo, na mimi ningemwambia nini mama mkwe? Nilisimama tu nikishika sufuria. Shosho alisikia kile kilio cha maji-maji akaja, akasimama nje ya mlango, akasalimu kwa heshima zote.

"Huyu ni nani?" Kukhu aliuliza.

"Ni jirani, mama."

"Basi jirani arudi kwake. Huyu ni mjukuu wangu. Hata baba yake nilimlisha hivi, na si unamwona alivyo mkubwa."

"Namwona, mama. Na anakula akiangalia mlango."

Ilikuwa kweli. Mume wangu Wanjala, mpaka Mungu alipomchukua, alikula akiangalia mlango kama mtu atakayekimbia. Sikuwahi kujua kuna mwingine amegundua. Kukhu alijaribu kukasirika, lakini tumbo lake lilikuwa limeshaanza kutikisika kwa kicheko, na mkono ukalegea puani mwa mtoto.

Shosho hakumgusa Simiyu. Aliketi sakafuni, akaomba viazi vitamu vilivyokuwa kwa sufuria, akaviponda, na kijiko cha kwanza akampa Kukhu. "Kwetu mama mkubwa ndiye anaanza." Kukhu akala, angekataa vipi. Simiyu akamwangalia nyanya yake akila. Halafu akamwangalia Shosho, ambaye taya zake zilikuwa zimeshaanza kutafuna hewa. Akaangalia huyu, akaangalia yule. Mdomo ukafunguka wenyewe.

Kukhu alirudi Matulo akasimulia mpaka kanisani kwamba Kitale kuna mama wa Kikuyu anayetafuna upepo na watoto wa watu wanashiba.

Sasa usidhani alikuwa mtakatifu. Huyo ambaye hakulazimisha mtoto alilazimisha watu wazima bila huruma. Mzee Kamau akiacha ugali kwa sahani alifuatwa mpaka kwa cherehani yake ya viatu. Na huyo ambaye hakuruhusu sukari ikaribie bakuli la mtoto, chai yake mwenyewe ilikuwa kama asali. Nanjala alimkuta siku moja nyuma ya mlango akilamba sukari kwa kiganja, akamwuliza, "Shosho, unafanya nini?" Akamjibu, "Nakunywa dawa ya uzee. Wewe bado." Mwenyewe alikula amesimama, kipande hapa, kipande pale, na wakati mwingi chakula chake kilikuwa kile kile cha kuonja. Nilikuwa nikimwambia, "Shosho, leo umekula nini?" anafikiria, halafu anasema, "Si nimeonja ya Wafula, nimeonja ya Nanjala." Ndio ilikuwa imeisha hiyo.

Na maziwa ya kopo. Aliyasema vibaya mchana kutwa. Halafu mama yake Barasa akafariki siku ile ile ya kuzaa, na Baba Barasa akaja ploti na mtoto amefungwa kwa blanketi la hospitali, na kopo chini ya kwapa, amelishika kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi. Alimwogopa Shosho kuliko alivyoogopa kifo. Shosho alichukua kopo, akamwomba amsomee maandishi pole pole, kila neno, akachemsha maji, akaosha chupa, akapima vile imeandikwa. Halafu akaonja. Kijiko kizima.

"Ni mtu wa mbali," alimwambia Barasa. "Lakini amekuja kukusaidia. Mpokee."

Barasa sasa ni dereva wa trekta huko Endebess, mwili kama mlango wa kanisa.

Wanjala alipofariki mimi nilirudi Matulo. Siku ya kuondoka Shosho alinipa mbegu za malenge zimefungwa kwa kona ya leso kuukuu, na leso yenyewe akasema niende nayo. Nimezipanda kila mwaka, ninakula, ninatoa mbegu, ninapanda tena. Sisi kuandikiana hatukujua, simu zilipokuja tukapigiana, halafu yeye akaanza kuniuliza kitu kimoja mara nyingi, halafu Wambui akawa ndiye anashika simu.

Nyumba yangu ilikuwa imenyamaza. Wajukuu wako Nairobi. Binti wa Nekesa ana mtoto, amepewa jina langu, na jioni walikuwa wananionyesha kwa simu akila kutoka kwa kipakiti, ananyonya kama chungwa. Anakua vizuri, sina ubaya na kipakiti. Lakini nilikuwa nikishika simu karibu na uso, peke yangu jikoni, nasikia taya zangu zikienda. Ndio nikajua ni nani ninayemkosa.

Basi siku ya pili baada ya simu ya Wambui nilichuma malenge moja, lile lililoiva vizuri, nikalichemsha nikiwa kwangu, nikakodi pikipiki mpaka Misikhu nimelipakata kwa sufuria.

Nilimkuta ameketi kitandani, mito nyuma yake. Ile mikono minene imeisha, imebaki ngozi. Wambui alikuwa na kikombe cha uji mkono mmoja, na mkono mwingine ulikuwa kwa kidevu cha mama yake. Uji ulikuwa umemwagika mpaka shingoni. Wambui aliponiona aliweka kikombe chini akaanza kulia, hana sauti.

"Nilitaka kumbana pua," alisema. "Mama Nekesa, nilikuwa karibu."

"Hujambana. Leta vijiko viwili, kikubwa na kidogo."

Niliketi mbele yake. "Shosho, ni mimi. Mama Nekesa wa Kitale."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mvua.

"Mtoto amekula?" aliuliza.

Wambui alisema nyuma yangu, "Kila mtu anaulizwa hivyo. Tunamwambia, mama, hakuna mtoto hapa. Akisikia hivyo ndio anafunga mdomo."

Nilifanya vile alivyonifundisha. Niliponda malenge, nikashika bakuli karibu na uso wake. "Shosho, huyu anaitwa Malenge. Ametoka Matulo asubuhi hii. Ni mtu mpole." Nikala kijiko cha kwanza, kizima, nikameza, akiniangalia. Na taya zake zikaanza. Zilitafuna mtupu pamoja na mimi, na nilipomeza koo lake likapanda na kushuka. Nikachota na kijiko kidogo nikampelekea.

Akafunga mdomo. Akageuza uso.

Nilijaribu tena. Nikala, akatafuna na mimi. Nikampelekea, akafunga. Wambui alitoka akasimama mlangoni, hakutaka kuona tena. Na mimi nikakaa na bakuli mapajani, nimechoka, nikiangalia ile mikono yake iliyolala juu ya blanketi. Mkono wa kulia vidole vilikuwa vimekunjwa, kidole gumba juu, kama vinashika kitu kisichokuwepo.

Hapo nikaona tulivyokuwa tumekosea sote. Tulikuwa tumemkalisha mahali pa mtoto. Huyu mtu hajawahi kukaa hapo.

Nikamwekea kijiko kikubwa kwa vile vidole. Bakuli nikaliweka kwa mapaja yake, na kijiko kidogo kando. Halafu nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikasogea karibu, na mimi mwanamke mzee mwenye meno ya kuhesabika nikafungua mdomo nikangoja.

Aliangalia mdomo wangu. Aliangalia bakuli. Alikoroga pole pole, mpaka chini, mahali panapokaa moto. Akachota, akala. Kijiko kizima. Akameza, akatulia kidogo akisikiliza ulimi wake. Hakukunja uso.

Halafu akachukua kile kidogo akanichotea.

"Huyu ni Malenge," aliniambia kwa ile sauti ya chini ya Kitale. "Usimwogope."

Nikala. Taya zake zikaenda na zangu. Akakoroga tena, na kwa sababu amekoroga akaonja tena, halafu ndio akanipa. Nyuma yangu nikasikia Wambui amesogea mlangoni, na uso wa Shosho ukaingia giza kidogo.

"Toka kwa mwanga," alisema bila kuinua macho.

Wambui akatoka kwa mwanga.

Siku hiyo nilikuwa nimepanga kurudi Matulo jioni. Nilimwambia Wambui anitandikie. Tangu hapo niko Misikhu, na malenge yangu yanachumwa na majirani. Hajaniita Mama Nekesa hata mara moja, na sitegemei. Ananiita mtoto. Juzi alimwuliza Wambui huyu mtoto mkubwa hivi ni wa nani, na kwa nini mama yake hamchani nywele.

Ile siku ya kwanza bakuli lilikuwa linaelekea kuisha na mimi nilikuwa nimeshiba kweli, kwa sababu nilikuwa nimekula kwangu kabla ya kutoka. Yeye alikoroga, akaonja, akameza. Kijiko kidogo kikaja tena, kimejaa, kikangoja mbele ya mdomo wangu.

Nikafungua.